Tenebrae (1982): mara ya kwanza niliicheka, sasa hivi nimeirudia mara nne

Niseme ukweli kabla sijaendelea, mi sio mtu wa muvi za kutisha, nikiona mtu anaingia stoo peke yake na tochi huwa nasogeza mbele. Hii ya mwongozaji Mwitaliano Dario Argento niliitafuta kwa ubishi tu, nilisikia Waingereza waliipiga marufuku kwenye kanda za video miaka ya 80 nikataka nione humo ndani kuna nini cha kuwatoa polisi kituoni waende kuzoa kanda madukani.

Nikampa jamaa flashi anijazie, akanijazia kitu kinaitwa Unsane. Nikaangalia, nikacheka. Mtu anakaribia kufa, unaona mkono unapanda, ghafla tuko sehemu nyingine kabisa, kama CD iliyokwaruzwa. Kumbe hiyo ndo ya Marekani, wameifyeka dakika kama 10 na wala sio damu peke yake, hata vipande vinavyobeba stori vimeondoka. Yaani wiki nzima niko naitukana filamu kumbe naitukana mikasi.

Baadaye nikaipata nzima, nikaangalia na dada yangu. Dada kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu, na yeye ndo aliyeanza kuiona hii kitu vizuri kabla yangu, maana mi nilikuwa nasubiri damu, yeye akawa anaangalia kuta. "We, hebu rudisha nyuma, ile nyumba nyeupe yote hiyo?" Na kweli. Tenebrae ni giza kwa Kilatini, lakini muvi imejaa mwanga mpaka macho yanauma. Aliyepiga picha ni Luciano Tovoli, yule yule wa Suspiria ya 1977 iliyojaa mataa mekundu na bluu, huku kageuza kila kitu, taa zimewashwa kila mahali, kuta nyeupe, vioo, mchana kweupe. Ni Roma lakini sikumbuki kuona Colosseum hata kwa mbali, ni majengo ya kisasa tu ya zege, mengine ya kule EUR, kitongoji alichoanza kukijenga Mussolini. Kuna mtu anauawa kwenye uwanja saa za mchana watu wanapita na mifuko yao. Hiyo ilinitisha kuliko stoo yoyote, maana huna pa kukimbilia, giza lenyewe halipo la kujifichia.

Stori kwa kifupi, mwandishi wa vitabu vya mauaji, Mmarekani anaitwa Peter Neal (Anthony Franciosa) anatua Roma kutangaza kitabu chake, hajakaa vizuri kuna binti mdokozi ameuawa na kujazwa mdomoni karatasi za kile kile kitabu. Kwa hiyo swali linakuwa, je kitabu ndo kimeua? Sasa fikiria, muvi inauliza hilo swali kwa saa moja na nusu na ushee, halafu serikali ya Uingereza inaichukua muvi yenyewe na kusema itawaharibu watu. Sheria yao ya video ilipita 1984, na hii ilikuwa kwenye orodha ya zile zilizofunguliwa mashtaka. Kichekesho ni kwamba kwenye majumba ya sinema ilishaonyeshwa 1983 kwa kukatwa kidogo tu, ukilipa tiketi ruksa, ukiangalia kwenye kochi lako marufuku. Ilirudi kwenye video 1999 ikiwa imepunguzwa sekunde kama tano, nzima nzima ikaruhusiwa 2003. Miaka yote hiyo kwa sekunde tano!

Sasa ile sini ya kamera, hapa naomba univumilie. Kuna mwandishi wa habari anaitwa Tilde, anaishi na mwenzake kwenye nyumba ya ghorofa. Kamera inaanza nje dirishani, inapanda ukutani taratibu, inapita juu ya paa unaona vigae kimoja kimoja karibu kabisa, inachungulia dirisha lingine, inashuka upande wa pili, haikatiki, kama dakika mbili na nusu hivi, walitumia kreni inaitwa Louma na inasemekana iliwachukua siku kadhaa. Muda wote muziki unapiga ule wa sinthesaiza (wa jamaa watatu waliokuwa bendi ya Goblin, na kama unawajua Justice wale wanamuziki Wafaransa, wimbo wao Phantom umechukuliwa humu) na wewe umekaa unajua huo ni muziki wa filamu, si ndio? Ghafla Tilde anapiga kelele punguza huo muziki! Kumbe sahani ilikuwa inapigwa chumbani na mwenzake. Mi nilisimamisha hapo nikacheka peke yangu. Yaani jamaa kakuchezea masikio huku macho yako yapo juu ya paa. Na kamera inapoishia, mkono wenye glavu nyeusi unakata dirisha.

Dada hakucheka. Aliniambia "mbona ni wanawake tu wanaokufa vizuri?" Nikamwambia wanaume nao wanakufa humu, akasema sijauliza hivyo. Na ana pointi, wanaume wanakufa harakaharaka, wanawake wanapambwa kwanza. Tilde mwenyewe kabla hajafa anamuuliza Neal usoni kwa nini vitabu vyake vinawachukia wanawake, kwa hiyo Argento anajua anachoshtakiwa, lakini kujua sio kujibu. Hapo sijampa maksi.

Vingine sikuvipenda: sauti zimewekwa baadaye juu ya picha, midomo haifuati, kama tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa, na yule mbwa anayemkimbiza binti anaruka uzio mrefu utafikiri anamdai. Upelelezi nao umelegea. Ila kuna mahali mpelelezi anainama kuokota kitu, sisemi zaidi, dada alirusha mto.

Na ukuta mweupe mwishoni mwishoni, mkono, damu inavyouchora kwa mkupuo mmoja... ndo kipande kilichowasumbua sana wakataji. Dada aliangalia kimya halafu akasema hiyo ni koti tatu za rangi na bado itajitokeza.

Naipa 8 kwa 10. Ukiitafuta hakikisha imeandikwa Tenebrae au Tenebre na ina dakika kama 101, ukiona 91 mrudishie flashi yake.