Mshipi wa jodari na nguru: upi ununue kwanza na upi uuwache dukani

Kaskazi ikishatulia kila mtu anataka mshipi mpya wa kuvulia, na ukiingia duka la zana za uvuvi sasa hivi, iwe mjini Unguja, Wete au Chake, utakuta maroli ya mishipi yamepangwa mpaka juu, rangi kila aina namba kila aina, na muuzaji ana wateja kumi mbele yake hana muda wa kukueleza upi wa changu na upi wa jodari. Basi naandika hapa kwa urefu, kwa anaekwenda samaki wakubwa tu, yaani jodari, nguru, kolekole mkubwa, chewa wa maji marefu, na nduaro Mungu akikujaalia. Wa changu na tasi hapa pwani nyinyi chukueni mshipi mwembamba wowote ulio mzima, mtakula samaki.

Kabla ya kutoa pesa jua unaenda kupambana na nani. Jodari yule wa mapezi ya manjano rekodi yake ya dunia kwa rodi, ile fimbo ya kuvulia, ni kilo 193 na ushei, hao hatuwapati kila siku lakini wa kilo thelathini arubaini wapo, na akishadakwa kazi yake ni moja, anakwenda chini moja kwa moja kama jiwe na hasimami. Nguru ni mwengine kabisa, anafika mpaka kilo 70 akiwa mtu mzima, lakini shida yake si nguvu, shida yake meno. Anakata. Unaweza ukawa na mshipi wa kuvuta gari akaukata kwa kuugusa tu. Ndo maana mtu akiniuliza "mshipi gani mzuri" mie namuuliza kwanza, wa nani?

Halafu bahari yenyewe. Mkondo wa Pemba, ile bahari baina ya Pemba na bara, kina chake kinapita mita 800, si kama huku baina ya Unguja na bara ambako maji ni mafupi. Kwa hiyo wa Pemba ukinunua roli moja la mita 100 ukaona umemaliza, jodari wa kwanza atakuonesha mwisho wake uko wapi. Unga maroli mawili au matatu, na uunge vizuri, ntakuja kwenye fundo.

Nambari wani kwangu, na sitegemei kubadilisha, ni nailoni nene ya uzi mmoja, ile ya kawaida tunayoijua sote. Najua kuna vitu vipya na vijana wanavipenda, lakini kwa mvuvi wa mkono, anaekaa kwenye ngalawa au mashua au boti ya fiba na anavuta kwa viganja vyake, hakuna kinachoishinda. Sababu ya kwanza ni unene. Nailoni ya LB 100, yaani inayohimili ratili 100 kabla ya kukatika, kama kilo 45, unene wake unafika karibu milimita moja, unaishika, unaizungusha mkononi ukitaka, haikuingii kwenye nyama ya kidole. Sababu ya pili inanyumbuka, jodari akipiga ghafla ule mshipi unatoa kidogo kabla haujakaza, na ule utoaji ndo unaokuokoa ndoana isichanike mdomoni na mshipi usikatike kwenye fundo. Sababu ya tatu unafungika kwa fundo lolote la kawaida, na ukijifunga ovyo unaufungua, si kukata. Bei nayo haimuumizi mtu.

Ubaya wake upo na nauweka wazi. Nailoni inanywa maji, na ikishanywa inapungua nguvu kidogo, kwa hiyo usiende na LB inayokutosha kwa kubana, panda daraja moja. Ubaya mkubwa zaidi ni jua. Nailoni na jua havikai pamoja, na hapa ndipo watu wanapouziwa kitu kibovu wakidhani kipya, maana roli limening'inizwa mbele ya duka miezi na miezi linapigwa na jua la saa sita, karatasi yake imeshapauka, na bado linaitwa jipya. Ukienda kununua usitazame lebo tu. Vuta kama pima moja, ikunje uitazame kwenye mwanga, mshipi mzima unang'aa kama kioo, uliochoka una weupe weupe kama umepakwa unga na ukiupitisha baina ya kucha ya dole gumba na kidole cha shahada unasikia mikwaruzo. Kisha funga fundo la kawaida, tia mate, kaza, vuta kwa nguvu ghafla na kitambaa mkononi. Ukikatika kirahisi mrudishie mwenyewe roli lake bila ya ugomvi. Muuzaji akikukataza kujaribu hata kipande kidogo, nenda duka la pili.

Unene gani sasa? Kwa jodari wa mkono LB 100 mpaka 130, kwa chewa na kolekole wa kwenye mwamba wa kina LB 80 inatosha ila wengine wanapenda nene zaidi kwa sababu ya kusagika kwenye mawe, na kwa kurambaza nguru, yaani kukokota chambo nyuma ya chombo kikienda, LB 80 si mbaya. Rangi msihangaike nayo sana, nyeupe isiyo na rangi au ya buluu hafifu zote zinavua.

Wa pili naweka rodi na rili, ile mashine ya kukunjia mshipi, yenye uzi wa kusokotwa, ule wanaouita bredi. Huu ni uzi wa plastiki nyengine kabisa, nguvu yake kwa unene wake ni ya ajabu, LB 80 ya bredi ni kama nusu ya unene wa LB 80 ya nailoni, kwa hiyo rili ile ile inabeba mshipi mrefu mara kadhaa, na kwa mkondo wetu wenye kina hilo ni jambo kubwa. Haunyumbuki, kwa hiyo samaki akigusa tu chambo chini huko mita mia unasikia juu. Tena hauharibiki upesi na jua kama nailoni. Kwa boti zinazochukua wageni kuvua Nungwi au Kizimkazi, au mtu mwenye injini na uwezo, hii ndo zana.

Lakini tazama nimesema RODI NA RILI na bredi, pamoja. Rili ina breki, jodari akikimbia breki inatoa mshipi, na breki yenyewe uiweke kwenye robo au thuluthi ya nguvu ya mshipi, si kuikaza mpaka mwisho kama wanavofanya wengi halafu wanalaumu mshipi. Rili ukinunua usidanganyike na ukubwa wala rangi ya dhahabu, izungushe mkono wake usikilize, breki ifungue na kuikaza pole pole, ikiruka ruka au ikishika mara moja badala ya kushika taratibu achana nayo. Za Penn, Shimano na Daiwa hata zilizotumika zinakarabatika na mafundi wanazijua, ila ya mtumba ifungue ndani kwanza kabla hujalipa, ukiona chumvi imeganda na chuma kimeota kutu shusha bei au ondoka. Na kila ukirudi pwani ioshe kwa maji baridi ya bomba, usiipige na presha maana unasukuma chumvi ndani.

Bredi ya mkono bila ya rodi? Hapana. Hii naiweka mwisho kabisa wa orodha na nasema kwa uchungu kwa sababu ni jambo linaloumiza watu. Uzi mwembamba usionyumbuka, samaki wa kilo thelathini anakwenda chini, na umeuzungusha kiganjani, ule si mshipi tena ule ni kisu. Glavu za kitambaa hazisaidii kitu. Kijana akikwambia ni rahisi kubeba na una nguvu mwambie kweli una nguvu, kuliko kidole chako.

Wa tatu ni ile inayoitwa fluorokaboni. Ni nzito, inazama yenyewe wakati bredi inaelea, inanywa maji kidogo mno, na majini ni vigumu kuiona kuliko nailoni. Inasifiwa sana na kwa haki yake, lakini ni ghali na ngumu, kujaza roli zima ni kutupa pesa. Nunua pima chache tu uziweke mbele, baina ya mshipi mkubwa na ndoana, maji yakiwa meupe na jodari wanazunguka chambo bila kula hapo utaona tofauti.

Bunduki ya kuzamia ya samaki siiweki kwenye daraja yoyote, imepigwa marufuku kwenye uvuvi wetu Zanzibar na ukikamatwa nayo umepoteza bunduki na siku, asikudanganye mtu anaekuuzia kwa siri.

Sasa fundo na ndoana, maana mshipi haukatiki katikati, unakatika penye fundo. Fundo lolote linapunguza nguvu, baya linapunguza zaidi. Lowesha mate au maji kabla ya kukaza, kwa sababu nailoni ikisuguana kavu inapata moto na ule moto unaidhoofisha pale pale. Ukikaza tazama, mizunguko ikae safi ubavu kwa ubavu, ikipandana fungua uanze upya. Kuunga nailoni na bredi ni fundo jengine, bredi inateleza, kwa hiyo zungusha mara nyingi zaidi ya ulivozoea na ulijaribu ukiwa nchi kavu.

Ndoana ununue kwa kucha. Iweke ncha juu ya kucha ya dole gumba bila ya kuikandamiza, ikinasa ni kali, ikiteleza ni butu hata kama imetoka kwenye boksi sasa hivi. Za duara, zile ncha yake imepinda kuelekea ndani, ni nzuri kwa jodari wa chambo kwa sababu inamnasa pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa, lakini hizi haziendi na mkono wa kushtua tuliourithi, ukishtua unamnyang'anya samaki, we vuta taratibu mpaka mshipi uwe mzito. Kwa kurambaza chukua za kawaida. Za chuma kisichoota kutu zinapendeza na zinadumu, ila ukikatikiwa samaki anaondoka nayo siku nyingi, za kawaida zinaoza mapema.

Kwa nguru lazima waya, hakuna mjadala. Shibiri mbili za waya mwembamba mbele ya ndoana zinatosha, waya mrefu na mnene unamfukuza samaki mwenyewe, na weka kile kichuma kinachozunguka baina ya waya na mshipi, bila yake mshipi utajisokota ukirambaza na kibua au ngisi wa plastiki masaa mawili. Waya ukishapinda pembe kali baada ya samaki mmoja ukate utie mwengine, usiunyooshe kwa koleo, pale ulipopinda ndipo atakapokatikia anaefuata.

Na ukishanunua, roli lako usiliwache juu ya sitaha ya ngalawa mchana kutwa, lifunike na gunia au litie ndani ya ndoo yenye kifuniko.