Nimefanya eko ya moyo, kilichonitisha ni ukimya wa mpimaji

Jamani kama una karatasi ya daktari imeandikwa eko na hulali usiku, soma hii. Mimi daktari alisikia mlio kwenye moyo akaniandikia kipimo, nikajua naenda kuingizwa kwenye lile limashine la tundu. Wala. Eko ya kawaida ni ultrasaundi kama ile ya kuangalia mtoto tumboni, mawimbi ya sauti tu, haina mionzi na sikuambiwa nifunge kula. Ipo nyingine wanapitisha mpira kooni, hiyo ndo unafunga, kwahiyo uliza mapema yako ni ipi.

Unavua nguo za juu, unabandikwa vistika vyenye waya kifuani, unalala ubavu wa kushoto mkono umeuweka chini ya kichwa. Ukilala hivyo moyo unasogea karibu na mbavu na pafu linapisha, sababu hewa inazuia yale mawimbi, na jeli nayo kazi yake ni hiyohiyo, kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi. Ni ya baridi, utashtuka.

Ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba wanakandamiza. Kile kifaa kinasukumwa katikati ya mbavu, chini ya ziwa, kwenye chembe cha moyo, mpaka panauma, na mimi nimekaza meno nikidhani ndo inavyotakiwa. Nilivyosema tu, dada mpimaji akapunguza mkono palepale. Semeni.

Halafu ule ukimya sasa. Anatazama skrini, anabonyeza, anarudia sehemu moja mara tatu, hasemi kitu zaidi ya toa pumzi, usivute, haya vuta. Ghafla mashine ikaanza fwushi fwushi, machozi yakanilenga. Kumbe ile ni Doppler, inapima damu inavyopita kwenye valvu, yaani vile vilango vya ndani ya moyo, na valvu ziko nne na vyumba vinne, lazima arudie rudie. Kunyamaza kwake sio habari mbaya, mara nyingi mpimaji haruhusiwi kutoa majibu, anayesoma ni daktari wa moyo. Natamani angeniambia hivyo kabla hajaanza, sentensi moja tu ingenitosha kwa dakika 40 zote zile.

Majibu yakaja EF 60, nikaishiwa nguvu nikidhani moyo unafanya kazi nusu. Daktari akanielewesha, ni asilimia ya damu inayosukumwa nje kila pigo, kawaida ni kama 55 mpaka 70, hakuna mwenye 100. Valvu moja inavuja kidogo sana, akasema hata wazima wengi wanayo.

Nilimuuliza pia kama mishipa ya moyo ingekuwa imeziba ingeonekana, akasema mishipa yenyewe eko haiionyeshi vizuri, kwahiyo kifua kikibana nirudi haraka, nisiseme eko ilikuwa safi. Kopi ya ripoti nimeomba, nimeiweka, nikipimwa tena walinganishe.