Matangi ya kusubirisha maji ya mionzi, miaka miwili ya kuyatumia wodini

Wadau wa tiba ya nyuklia, naandika kwa yeyote anayetaka kununua mfumo wa matangi, manake sisi tumeishi nao miaka miwili sasa. Wagonjwa wetu wengi ni wa saratani ya tezi ya shingo, mtu ameshatolewa tezi ndo anakuja kumeza iodini-131, dawa yenye mionzi, gigabekereli 3.7 (kipimo cha mionzi) ni dozi ya kawaida kabisa, na sehemu kubwa ya hiyo dozi inatoka na mkojo ndani ya siku mbili za kwanza. Kwa hiyo choo cha chumba anacholazwa huyo mgonjwa huwezi kukiunga moja kwa moja kwenye bomba la maji taka.

Tulichonunua ni matangi matatu ya chuma kisichoshika kutu, lita 5,000 kila moja, yako chini ya jengo kwenye chumba chake chenye kuta nene. Linajaa moja, linafungwa, linasubiri. Iodini-131 inapungua nusu kila siku 8, yaani baada ya siku 80 imebaki kama sehemu moja ya elfu, unachota sampuli, unapima, ikiwa chini ya kiwango cha leseni ndo unamwaga. Matangi yenyewe ni mazuri kwa kweli, vali ngumu, hakuna tone lililovuja, na programu inaanza kuhesabu siku pale tangi linapofungwa sio lilipoanza kujaa. Hapo nawapa nyota zote tano.

Shida ni kwamba aliyetuuzia alipiga hesabu ya mkojo akasahau maji. Choo chetu cha zamani kilikuwa kinamwaga lita 9 kila ukiflashi na mgonjwa anaambiwa aflashi mara mbili, sasa akienda mara 16 kwa siku zake mbili hiyo ni lita 288, wakati mkojo wenyewe ni lita 5 au 6 tu! Tangi likawa linajaa kwa mwezi, la tatu likijaa lile la kwanza lina siku 60 tu za kusubiri na bado haliruhusiwi kumwagwa. Tukaahirisha wagonjwa. Jamani, huyu ni mtu aliyeacha vidonge vyake vya tezi wiki tatu nne ili ajiandae, amechoka, baridi inamtesa, uso umevimba, alafu unampigia simu kumwambia asije kwa sababu tangi limejaa. Ile simu iliniuma sana.

Tulibadilisha vyoo tu, tukaweka vya lita 3. Sa hivi tangi linachukua siku 50 na kitu kujaa, la kwanza linapata zaidi ya siku 100, na hatujaahirisha mtu tena. Kwa hiyo kabla hujaongeza tangi la nne angalia choo kwanza.

Pampu ya kusaga uchafu unaotoka chooni ndo sehemu dhaifu. Ilikuja moja tu, imewekwa chini kabisa, haina njia ya kuisafisha kwa maji safi kabla ya kuifungua. Mgonjwa akatupia tishu za majimaji zile zisizoyeyuka, ikaziba, na fundi hawezi kuigusa maana imejaa iodini mbichi, tukafunga chumba kile tukasubiri ipungue. Dai pampu mbili na bomba la kusuuzia, iwe kwenye mkataba. Sensa ya kupima kina kwa mawimbi ya sauti nayo inadanganywa na povu, tuliongeza ya kupima mgandamizo chini ya tangi ikatulia.

Chujio la mkaa kwenye bomba la hewa ni zuri ila wafanyakazi wa usafi waambiwe wazi wasimwage klorini kwenye vyoo hivyo, inaigeuza iodini kuwa mvuke, wao ndo wa kwanza kuivuta.

Alafu muuzaji akikwambia mfumo huo huo unafaa kwa luteshiamu-177, dawa nyingine ya mionzi, muulize luteshiamu ipi. Yenyewe inapungua nusu kwa siku 6.6 hivi, lakini inayotengenezwa kwa njia mojawapo inakuja na chembe za luteshiamu-177m ambayo inachukua siku 160 kupungua nusu, na hiyo tangi la siku 80 haliiwezi. Sisi tulipomuuliza hakuwa na jibu, tukaamua kuagiza ile isiyo na hiyo chembe.