Ziara ya mashahidi wa Karthago: Felisita hakumfuata bibi yeyote

Nawapa nyota moja. Naanza na hukumu ili anayetafuta ziara hii aione kabla hajalipa, na pia kwa sababu hasira bado ninayo ingawa nimesharudi nyumbani zamani.

Jina la kampuni silitaji. Ni mojawapo ya zile zinazouza ziara za nusu siku kutoka Tunis kwa wageni Wakristo: wanakuchukua hotelini, wanakupeleka Karthago, mji wa kale wa Kirumi kando ya Tunis, wanakuonyesha mahali walipouawa mashahidi wa mwanzo wa Afrika, wanakurudisha. Nilikuwa huko kikazi mwaka jana, baridi ikiwa imeanza, nikapata siku moja ya mapumziko. Pesa waliyodai haikuwa ndogo, nikatoa. Mtu aliyekulia Bukoba hahitaji kushawishiwa kwenda pale. Kwetu akina Perpetua, akina Felista na akina Revocatus wamejaa, na majina hayo yamekuja kwa njia inayojulikana: waliotuletea dini ni Mapadre Weupe, na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa Askofu Mkuu wa Algiers na kisha, tangu 1884, wa Karthago yenyewe. Marehemu mama yangu aliitwa Felista. Sikwenda kupiga picha.

Uwanja wa michezo wa Kirumi, ndipo wanapopaonyesha kuwa mashahidi waliuawa, uko upande wa magharibi, umejitenga kidogo na magofu mengine, jirani na matangi ya kale ya maji ya La Malga. Usitegemee kuona kitu kama Colosseum ya Roma. Mawe ya kuta yalibebwa karne kwa karne yakajengea kwingine. Kilichobaki ni umbo la yai ardhini, misingi, miti pembeni, na katikati shimo lenye kikanisa kidogo ambacho Mapadre Weupe walikitengeneza kwa kuwakumbuka mashahidi. Mimi kilinitosha. Nilisimama pale magoti yakitetemeka.

Mwongozaji hakushuka hata uwanjani. Alibaki ukingoni, simu mkononi, akasema: "Hapa Wakristo walitupiwa simba kwa miaka mia tatu. Maarufu kuliko wote ni Perpetua, mwanamke wa ukoo bora, pamoja na kijakazi wake aliyemfuata bibi yake mpaka kifoni. Mna dakika kumi za picha."

Kijakazi wake! Jina lake, Felisita, hata hakulitamka.

Kwa ambao hamjaisoma habari ya Perpetua na Felisita, sehemu yake kubwa iliandikwa na Perpetua mwenyewe akiwa gerezani. Alikuwa na umri wa miaka kama 22, ana mtoto anayenyonya, na baba yake alikuja kumlilia aihurumie mvi yake akubali kutoa sadaka kwa ajili ya kaisari. Akakataa. Mwandishi mwingine ndiye aliyeandika mwanzo na mwisho, na mwanzoni anawataja waliokamatwa: Revocatus na Felisita, mtumwa mwenzake, Saturninus na Secundulus, na pamoja nao Perpetua. Mwalimu wao, Saturus, alijitoa baadaye kwa hiari yake. Wote watano walikuwa wakatekumeni, bado wanafundishwa. Hakuna mahali panaposema Felisita alikuwa mali ya Perpetua. Alikuwa mtumwa, ndiyo, lakini alikamatwa kwa imani yake mwenyewe, akaulizwa mwenyewe, akajibu mwenyewe.

Na alijibu! Alipokamatwa alikuwa mjamzito, miezi minane. Sheria ya Roma ilikataza mjamzito kuuawa, basi akaingiwa na huzuni kwamba wenzake watatangulia, naye atakuja kuuawa baadaye peke yake kati ya wahalifu. Wakamwombea, na siku chache kabla ya michezo uchungu ukamshika. Alipolia kwa maumivu askari wa gereza akamkejeli: sasa hivi unalia hivyo, ukitupwa mbele ya wanyama utafanyaje? Felisita akamwambia kwamba haya ya sasa anayateseka yeye, lakini kule atakuwepo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake, kwa kuwa naye atakuwa anateseka kwa ajili ya huyo mwingine. Akazaa mtoto wa kike, na dada mmoja katika imani akamchukua kumlea.

Mtu wa namna hiyo ndiye anaitwa "kijakazi aliyemfuata bibi yake".

Nilimsahihisha kwa heshima, kwa sauti ya chini, nisimwaibishe mbele ya wageni wake. Akanitazama toka juu hadi chini. "Madamu, mimi nina leseni ya serikali. Wewe una nini?" Wawili watatu wakacheka. Nikamwambia nina maandishi, yamo hata kwenye simu yangu, asome. Akasema kama nataka kuhubiri nikodi gari langu, akampungia dereva mkono awashe injini. Dakika kumi zenyewe zilikuwa hazijaisha. Kwenye kikanisa sikuingia. Mwenzangu mmoja, dada wa Kikongo kutoka Bukavu, akanivuta mkono: "Yaya (yaani dada), acha, twende." Nikaenda, machozi yakinitoka.

Sasa niseme haki. Mtu huyo si mjinga. Kwenye Mabafu ya Antonino pale baharini alieleza vizuri mno, jinsi maji yalivyoletwa kwa mfereji kutoka milima ya Zaghouan, hadi ukawa unaona moto ukiwashwa chini ya sakafu. Kwenye bandari za kale za Wapuni, wenyeji wa Karthago kabla ya Warumi, pia alinifurahisha. Dereva alikuwa mstaarabu, gari safi, wakati walishika. Kwa hayo ningeweka nyota mbili, pengine tatu.

Hata ile miaka mia tatu namsamehe, maana nimeisikia kwenye mimbari nyingi. Kuwindwa hakukuwa kwa mfululizo. Mnamo 112 hivi, Kaisari Trajan alimwandikia gavana wake Plinio kwamba Wakristo wasitafutwe, bali wakishtakiwa na kukataa kuikana imani, waadhibiwe. Kwa hiyo ilitegemea jirani yako, gavana wako, mwaka wako. Huku Afrika, Wakristo 12 wa mji wa Scilli waliuawa Karthago tarehe 17 Julai 180. Walipewa siku 30 za kufikiri, wakazikataa, na waliposomewa hukumu wakamshukuru Mungu. Amri ya kuwabana watu wote katika dola nzima ilikuja kwa Kaisari Decius tu, 249 hadi 250. Askofu Sipriani akakatwa kichwa hapo hapo Karthago mwaka 258. Ya Kaisari Diokletiano ilianza 303. Kati ya mawimbi hayo watu walioa, walizika, waligombana kama kawaida.

Simba nao wanapendwa na kila mwongozaji duniani. Katika habari hii hakuna simba. Kuna chui, dubu na nguruwe pori, na wanawake wawili waliletewa ng'ombe jike mkali. Na kama angesema kwamba hakuna uhakika kuwa ni uwanja huu, ningemheshimu sana, kwa sababu maandishi yanazungumzia michezo ya kambi ya jeshi, na wapo wataalamu wanaodhani ilifanyika kwingine hapo mjini. Hayo ni mambo ya watu wazima kujadiliana.

Lakini usiku, hotelini, nikatoa karatasi ya matangazo waliyotugawia. Imeandikwa kwa rangi, kwa lugha tatu: "Perpetua na mtumwa wake". Kumbe si ulimi wa mtu mmoja ulioteleza. Kampuni nzima inaiuza hivyo! Basi nyota mbili nikazifuta.

Nadhani najua walikolitoa kosa hilo. Kule Lyon, Gaul (Ufaransa ya leo), mwaka 177, kulikuwa na mtumwa aitwaye Blandina, na yeye kweli bibi yake alikuwa miongoni mwa mashahidi. Lakini hata Blandina hakumfuata mtu: bibi yake ndiye aliyeogopa kwamba mwili wa huyu binti hautastahimili, na ni watesaji waliochoka kabla yake. Plinio naye, alipotaka kujua Wakristo wanafanya nini, aliwatesa wanawake wawili watumwa ambao walikuwa wahudumu wa kanisa. Tangu mwanzo watumwa wamo katikati ya habari hizi, si pembeni. Mwili wa mtumwa ulikuwa mali ya mtu mwingine, serikali iliruhusiwa kuutesa ili kupata ushahidi, na bado kinywa chake kilibaki chake. Ukimfanya Felisita mfuasi wa bibi yake umemnyang'anya kitu pekee ambacho Roma ilishindwa kumnyang'anya.

Tarehe 7 Machi 203, sikukuu ya kuzaliwa ya Geta, mwana wa Kaisari Septimio Severo, waliwatoa wote wawili wakiwa uchi, wamefungwa nyavu. Watazamaji wenyewe wakashtuka, kwa sababu mmoja alikuwa binti laini na mwingine ametoka kujifungua, maziwa yakimdondoka. Wakarudishwa wakavalishwa. Ng'ombe akamrusha Perpetua kwanza. Akaketi, akavuta vazi lililochanika afunike paja, akaomba pini abane nywele, maana nywele zilizotimka ni za msiba. Kisha akamwona Felisita ameangushwa chini. Akaenda, akampa mkono, akamwinua. Wakasimama wawili, sambamba. Huyo wa ukoo bora ndiye aliyeinama. Na mpaka leo, kwenye Misa, tunaposali Sala ya Ekaristi ya Kwanza, jina la Felisita linatangulia la Perpetua.

Niliwaandikia kampuni. Wakajibu kwamba historia ina matoleo mengi, wakanipa punguzo la ziara ya Sidi Bou Said. Punguzo silitaki. Hayo matoleo mengine, nionyesheni hata moja la kale linalosema wanavyosema.

Ndugu zangu mnaopanga kwenda, nendeni, mahali penyewe panastahili. Pandeni treni ya TGM kutoka Tunis, mshuke Carthage Hannibal, mchukue teksi hadi uwanjani, na mbebe maandishi ya Perpetua, si marefu. Mtakaa mtakavyo na kikanisani mtaingia.

Na ninyi wa kampuni, najua mnasoma hapa. Chapeni upya hiyo karatasi: Felisita, mkatekumeni, mtumwa mwenza wa Revocatus. Nikiiona imebadilishwa nitarudi kuongeza nyota siku hiyo hiyo.