Nililipa faranga 10,000 kupaka rangi ukuta wa watu: uzoefu wangu Katuba

Kazi yangu ni kuandika mabango. Saluni, duka la dawa, kirestora cha bukari (ugali wetu) na samaki, kanisa linalobadilisha jina. Kwa hiyo siku niliyotoa faranga 10,000 za Kongo mfukoni mwangu ili niruhusiwe kupaka rangi ukuta usio wangu, mke wangu alicheka hadi akatafuta kiti. Jirani naye akaniita kutoka upande wa pili wa uzio: "Yaya, unalipa juu ya kutumika?" Yaani, kaka, unalipa ili ufanye kazi?

Tangazo lilinifikia kwa WhatsApp. Kikundi kidogo cha wasanii vijana, ambacho sitakitaja, kilikuwa kinakaribisha wakazi wa Lubumbashi kuja kuchora pamoja ukuta wa hangari moja Katuba, komini ya mji huu, kando ya barabara, urefu wa mita 40 hivi. Jumamosi tatu za Oktoba. Mtu mzima analipa, mtoto bure. Ndani ya bei kuna rangi, burashi, chupa ya maji na fulana. Fulana ni saizi moja: mimi inanibana kwapani, binti yangu wa miaka tisa anaivaa kama gauni. Ya fulana yameisha.

Jumamosi ya kwanza tulianza na maelezo chini ya mjakaranda, na maelezo yale peke yake yalirudisha nusu ya pesa yangu. Kijana aliyetuongoza alisimulia mambo ambayo mimi, mzaliwa wa mji huu, nilikuwa nayo vipande vipande tu. Kwamba Albert Lubaki wa Bukama alikuwa akichora kwenye kuta za nyumba, na mwaka 1926 Mbelgiji mmoja alipoona kazi zake akampa karatasi na rangi za maji. Kwamba mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Hangar, wakatoka humo akina Pili Pili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela. Huyu Bela hakushika burashi, alipaka kwa ncha za vidole. Binti yangu kusikia hivyo akachovya vidole vyote kumi kwenye kopo. Kucha zake zilibaki na bluu hadi Jumatano.

Tukaambiwa pia kwamba Desfossés hakutaka kuwafundisha kuchora Kizungu, alimwacha kila mmoja atoe kilichomo ndani yake. Maneno mazuri. Kisha tukageukia ukuta, tukakuta picha nzima imeshachorwa kwa penseli na kila kipande kina namba. Moja bluu, mbili kijani, tatu manjano. Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, terili, ule mlima wa mabaki ya kuyeyushia shaba, msalaba wa shaba, mama na beseni kichwani. Yaani picha ile ile ya kalenda zetu zote. Watu wazima kama thelathini, tumelipa, tunajaza namba. Mimi nilipewa namba nne, kahawia. Asubuhi nzima nilijaza sketi ya yule mama, mama asiye na uso kwa sababu uso ulikuwa umeachiwa msanii mwenyewe.

Sasa niseme kuhusu ukuta, maana hapo ndipo mtu wa fani yangu hawezi kunyamaza. Nilipitisha kiganja, kikarudi cheupe. Chokaa ya miaka. Ukipaka rangi ya maji juu ya chokaa inayotoa unga, rangi haishiki ukuta, inashika ule unga, na unga ukianguka unaondoka nayo. Dawa yake kila fundi anaijua: kwangua kwa burashi ya waya, osha, acha pakauke, paka mkono wa kwanza wa rangi iliyozimuliwa, ndipo uanze maua yako. Na Oktoba yetu mnaijua, lile jua la kabla ya mvua linakausha rangi burashi ikiwa bado njiani, kwa hiyo unanyunyizia ukuta maji kidogo kwanza na unafanya kazi asubuhi. Nilimwambia kijana. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akajibu: "Papa, siku tatu hazitoshi kwa hayo yote." Nikarudi kwenye sketi.

Ningeishia hapo ningeandika malalamiko tu. Lakini Jumamosi ya pili alitokea mama anayeuza mikate kwenye kona ya ukuta ule. Alikuwa ametutazama tangu Jumamosi ya kwanza. Akaja na kanga yake kiunoni, akasimama mbele ya msanii, akauliza: "Munapaka huku juu, na miguu ya ukuta munaiachia nani?"

Anayeishi kwenye mitaa yetu hahitaji maelezo. Mvua ikipiga, udongo mwekundu unaruka hadi magotini, na ndiyo maana nyumba nyingi hapa zina mshipi mweusi chini. Picha yao ilikuwa imeshuka na manjano mpaka ardhini. Kazi ikasimama. Tulibishana karibu saa nzima, wapita njia wakajiunga, mzee mmoja mstaafu akashuka kwenye baiskeli ili achangie, na nawaambia kweli, hiyo ndiyo saa ambayo ukuta ulianza kuwa wetu. Mama alitaka tupake mafuta machafu ya gari kama wanavyofanya wengine. Nilikataa katakata: pakishanyonya mafuta, rangi haitakaa pale tena. Nikapendekeza rangi ya maji nyeusi isiyong'aa, nikoroge na unga ule wa kuzibia viungo vya vigae ili iwe ngumu.

Hapa nampa kijana sifa yake yote. Hakununa. Alichukua kitambaa akafuta penseli yake mwenyewe, sentimita 60 kutoka chini, mita zote 40, akasema, haya, hapo ni penu. Tulikwangua wenyewe: mimi, mama wa mikate, vijana wawili wa kuziba matairi na watoto wasiohesabika. Tukaosha, tukasubiri, tukapaka mikono miwili. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ulitoka nyumba ya jirani, haukuwemo kwenye bei.

Jumamosi ya tatu tulikuta mshipi wetu umejaa chaki. Sikuwa nimefikiria hilo, lakini rangi nyeusi isiyong'aa yenye unga wa vigae ndani yake si kitu kingine, ni ubao wa shule. (Sisi ubao wetu tuliupaka weusi wa betri za redio zilizokufa, tukausugulia majani mabichi. Leo nisingemruhusu mtoto ashike ule weusi.) Palikuwa na jedwali la saba, majina, gari lenye magurudumu sita, na vita ya Lupopo na Mazembe, timu zetu mbili za mpira: mmoja anaandika, mwingine anafuta kwa kiganja na kuandika yake, asubuhi nzima. Kijana alifurahi kama aliyeokota shaba. Akatuambia habari za msanii Candy Chang, ambaye mwaka 2011 huko New Orleans alipaka nyumba iliyoachwa rangi ya ubao wa shule, akaandika mwanzo wa sentensi, "Kabla sijafa nataka", wapita njia wakawa wanamalizia kwa chaki. Akataka naye atuanzishie sentensi. Mama wa mikate akamkatalia: "Acha batoto baandike bo benyewe."

Basi nyota. Kwa maelezo natoa tano, kwa kazi ya namba natoa moja, kwa yule kijana kukubali kukosolewa natoa nne. Kwa wastani weka tatu. Mkitaka kujiandikisha awamu ijayo, ombeni kwanza mkaguse ukuta kabla ya kulipa, na ombeni iwe mwezi wa tano au wa sita, mvua ikiwa imeondoka. Ulizeni pia kama picha imeshachorwa. Ikiwa imeshachorwa, pesa yenu nunueni rangi, pakeni nyumba zenu.

Mvua ilikuja Novemba. Nilipita baada ya wiki mbili hivi. Bomba la moshi limebanduka katikati, na sketi niliyoijaza asubuhi nzima imeanguka yote, yule mama amebaki na beseni tu hewani. Mshipi mweusi hauna hata ufa. Ila mita mbili za mwisho, upande wa kona, zimechukuliwa: kuna bei ya mikate, na chini yake orodha ya wadeni, pembeni limechorwa jicho kubwa linalowatazama. Wa tatu kwenye orodha ni "Papa wa mabango, 1,500". Nililipa palepale. Nikamwomba anifute, akanipa kitambaa, akaendelea kuhesabu mikate yake.