CNC ruta ya kwanza ya useremala: ipi ununue kama unataka kuelewa inavyofanya kazi

Najua ulivyofika hapa. Umekaa usiku unaangalia video za mashine inachonga ubao yenyewe, maranda yanaruka, hakuna mtu anayeigusa, na sasa umeshaanza kupiga hesabu ya kununua CNC yako, yaani hiyo mashine inayoongozwa na kompyuta. Mimi nimepita hapo hapo. Ya kwanza nilinunua kwa kuangalia picha nikajuta, ya pili nilinunua baada ya kusimama siku mbili nzima karibu na mashine ya fundi mwingine nikiangalia tu, na hizo siku mbili zilinifundisha kuliko miezi yote ya video.

Kwa hiyo hapa sipangi mashine kwa ukubwa wala kwa nguvu, napanga kwa kitu kimoja tu, itakuelewesha kiasi gani kabla haijakuchosha.

Kitu cha kwanza kujua ni kwamba hii mashine ni kipofu. Ina mihimili mitatu, X kushoto na kulia, Y mbele na nyuma, Z juu na chini, na kila mhimili unasukumwa na stepa mota, yaani mota inayozunguka kwa vihatua vidogo, nyingi zina hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Kompyuta inaiambia piga hatua kadhaa, inapiga. Basi. Kwenye mashine nyingi za bei ya chini hakuna kinachoangalia kama kweli imefika. Siku moja nilisahau klampu njiani, ruta, kile kifaa kinachozungusha biti ya kukatia, ikaigonga, X ikakwama mota inaunguruma grrr grrr, mi nikaitoa klampu haraka nikidhani nimeokoa kazi, kumbe mashine iliendelea kuhesabu kama kawaida na herufi zote zilizobaki zikachongwa sentimita moja na nusu pembeni. Jina la mteja likaonekana kama limeandikwa na mlevi.

Na lugha yake sio ya kutisha. Ukifungua faili la G-kodi, yaani maagizo ambayo mashine inayafuata, utakuta mistari kama G0 Z5, maana yake inuka mpaka milimita 5 juu ya ubao, halafu G1 Z-2 F300, shuka milimita 2 ndani ya mbao kwa mwendo wa milimita 300 kwa dakika, halafu G1 X100 F1200, nenda mpaka 100 kwenye X kwa mwendo wa 1200. Kaa na faili mkononi huku mashine inakata, fuata mstari kwa mstari, utashangaa unavyoelewa fasta.

Haya, namba moja kwangu ni mashine ya wastani ya mezani inayosukumwa na skrubu, sio mkanda, yenye eneo la kazi kama milimita 800 kwa 800 hivi na inayobeba ruta ya mkono ya kawaida. LongMill ni mfano, inatumia skrubu ndefu za kawaida, Onefinity nayo inatumia skrubu zenye gololi ndani ambazo ni laini zaidi na karibu hazina kabisa ule mchezo wa kulegea unapogeuza mwelekeo. Kwa nini naipa namba moja? Kila kitu kiko wazi, unaona skrubu inazunguka, unaona gari la Z linapanda, na ina nguvu ya kutosha kukata mbao ngumu bila kupoteza hatua kila saa. Ruta kama Makita RT0701 inaenda kuanzia mizunguko 10,000 mpaka 30,000 kwa dakika na ikiharibika unaitoa unaweka nyingine, hauitaji fundi wa umeme. Kelele lakini, jamani. Nunua viziba masikio siku hiyo hiyo.

Namba mbili ni kale kadogo, 3018. Jina ndio saizi yenyewe, sentimita 30 kwa 18. Watu wanaidharau, na ni kweli haitakutengenezea mlango, mota yake ni ndogo, fremu inanesa ukiisukuma kwa kidole, kwenye mbao ngumu utakata nusu milimita nusu milimita mpaka usinzie. Ila inatumia GRBL, programu ile ile inayoendesha mashine nyingi za mezani za bei kubwa zaidi, unaiunga mwenyewe bolti kwa bolti, na ukikosea unavunja kibiti chembamba badala ya kuharibu spindo, yaani mota inayozungusha biti. Kama hela ni kidogo na lengo ni kujifunza kweli, chukua hii bila aibu.

Tatu, zile za mkanda, Shapeoko 3 na X-Carve, ambazo siku hizi utazikuta zaidi mkononi mwa mtu anayeuza ya kwake. Ni nyepesi na zina mwendo. Shida ni mkanda wenyewe, unavutika, na ukilegea upande mmoja duara linatoka yai. Ukienda kununua ya mkononi usiridhike kuiona inatembea hewani, mwambie muuzaji akate duara mbele yako upime kipenyo pande mbili.

Nne ni 6040 na 6090 zenye spindo ya kupozwa kwa maji, kilowati 1.5 au 2.2. Hapa chuma ni kizito na kazi inatoka safi, spindo haipigi kelele kama ruta, kwa kukata tu ningeiweka juu kabisa. Nimeishusha kwa sababu ya lile boksi la kontrola. Nyingine bado zinataka Mach3, programu ya kuendesha mashine, na kompyuta ya zamani yenye poti ya printa, muuzaji hasemi, unafika nyumbani na laptopu yako mpya haina pa kuchomeka. Uliza kabla ya kulipa. Na pampu ya maji ukisahau kuiwasha, spindo imekwenda.

Mwisho 1325, ile kubwa ya kumeza shiti zima la plaiwudi la 1220 kwa 2440. Hiyo ni ya karakana yenye oda, mara nyingi inataka umeme wa fezi tatu na meza ya kuvuta hewa ili ubao usitembee. Nenda ukaitazame ikifanya kazi, usiinunue kujifunzia.

Sasa usimalize hela yote kwenye mashine, hapa ndipo wengi wanaangukia. Biti ndio inayokata. Ile ya kuvuta juu inatoa maranda vizuri ila inararua uso wa plaiwudi, ya kusukuma chini inaacha uso safi ila inashindilia uchafu ndani ya mfereji, kwa hiyo anza na zote mbili. Mwendo nao una hesabu yake, mizunguko kwa dakika mara idadi ya meno ya biti mara unene wa kila tonge ambalo jino moja linang'ata, mfano 18,000 mara 2 mara 0.1 inakupa milimita 3600 kwa dakika. Mashine ndogo haiwezi mwendo huo, kwa hiyo unapunguza mizunguko na tonge, 10,000 mara 2 mara 0.05 unapata 1000. Ukishindwa hesabu angalia kinachotoka. Maranda yenye umbo, uko sawa. Unga mtupu na harufu ya kuungua, biti inasugua badala ya kukata, na cheche ikivutwa kwenye mashine ya kunyonya vumbi una moto ndani ya pipa la mbao kavu.

Kinyonya vumbi chenyewe sio anasa, vumbi la mbao liko kwenye orodha ya shirika la utafiti wa saratani IARC ya vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Barakoa pia. Na kitufe chekundu cha dharura kikae mahali mkono unafika bila kupita juu ya spindo, wengine wanakiweka nyuma kabisa sijui wanawaza nini.

Mashine ikifika, usikate chochote siku ya kwanza. Funga kalamu kwenye ruta badala ya biti, usiwashe ruta yenyewe, ichore mraba wa milimita 100 kwenye karatasi, kisha pima pande na pima kona kwa kona. Kona kwa kona ikitoka 141 na ushee zote mbili, fremu imenyooka, zikitofautiana legeza bolti za fremu uinyooshe. Upande wa X ukitoka 98 badala ya 100, kwanza kaza kile kiskrubu kidogo kinachoshika shafti ya mota, kikiwa kimekaza na bado ni 98, kwenye GRBL fungua seting ya $100, ile ya hatua za X kwa milimita moja, zidisha namba iliyopo kwa 100 gawa kwa 98, weka, chora tena.