Matumbawe au foraminifera: nani anakumbuka joto la kale?
Ukiegemea ukuta wa mawe ya matumbawe hapa Mji wa Kale, Mombasa, utaona tumbawe ndilo shahidi bora wa joto la bahari. Kwa mambo ya karibu, kweli linashinda: huongeza tabaka kila mwaka kama mti, na lile la Malindi lilisimulia miaka 194.

Liulize sasa habari za miaka milioni 56 iliyopita, joto la dunia lilipopanda nyuzi 5 au zaidi. Kimya. Hapo hutamba foraminifera, vijidudu vya baharini ambavyo vingi havifiki milimita moja. Uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi kwenye gamba lao hutunza kipimo cha joto la maji. Ila gamba hudanganya likivamiwa na chokaa mpya. Ndiyo maana yale ya udongo wa Kilwa na Lindi, yang'aayo kama kioo, yanathaminiwa mno.

Gharama? Tumbawe: mzamiaji na keekee. Magamba mara nyingi hudai meli ya kuchimba sakafu ya bahari, kisha mtu ainamie hadubini na brashi, akichambua moja moja kama mchele wa pilau.

Ukitafuta bahari ya babu yako, piga mbizi. Ukitafuta ile dunia ya kale isiyo na barafu, andaa macho.